Prosesa ya Kutosha

Kwenye maduka ya kompyuta za mtumba ya Luthuli Avenue, Nairobi, si ajabu kukuta mezani kompyuta mbili za ofisi zisizotofautiana hata kwa rangi. Moja ina prosesa ya Intel Core i5-3470, nyingine Core i5-4570. Zote zina viini vinne. Zote zinakwenda kwa gigahezi 3.2 na kupanda hadi 3.6 kazi ikizidi. Mnunuzi anayesoma vipimo hivyo peke yake atachukua ya bei nafuu na kuondoka ameridhika.

Lakini kama nia yake ni kuendesha injini ya chesi, yaani programu ya kuchambua mchezo huo, tarakimu ya kwanza baada ya i5, 3 au 4, ina uzito kuliko gigahezi zote. Kizazi cha nne cha Intel, kilichotoka mwaka 2013, ndicho kilicholeta maagizo yanayoitwa AVX2, ambayo huiwezesha prosesa kukokotoa namba nyingi ndogo kwa mpigo mmoja. Stockfish, injini ya bure inayotegemewa na wachezaji wengi duniani, hupima kila mkao wa kete kwa mtandao wa neva, yaani kwa kuzidisha na kujumlisha namba ndogo kwa maelfu. Prosesa ya kizazi cha tatu itaifanya kazi hiyohiyo, ila kwa mafungu ya ukubwa wa nusu. Na mwenye haraka ajihadhari na hili pia: Celeron na Pentium za kizazi hichohicho cha nne zilinyimwa AVX2, ingawa nembo ya mtengenezaji ni ileile.

Upande wa AMD, mtengenezaji wa prosesa za Ryzen, kuna jambo la namna hiyo. Stockfish hutolewa kwa mafaili kadhaa, kila moja likilenga aina fulani ya prosesa. Faili linaloitwa bmi2 linafaa sana kwa Intel nyingi za kuanzia mwaka 2013 na kwa Ryzen nyingi zilizotoka kuanzia mwishoni mwa 2020. Kwa Ryzen za kabla ya hapo, agizo moja ambalo faili hilo linalitegemea hutekelezwa polepole mno, na faili la avx2 ndilo linalokimbia. Mtu anaweza kutumia fedha nyingi kutafuta kasi ambayo angeipata bila malipo kwa kupakua faili linalofaa.

Basi ujuzi wa kununua upo, na unafundishika. Kuna swali jingine linalokaa nyuma ya huo ujuzi, nalo halijibiwi na jedwali la vipimo: ni kiasi gani cha hesabu kinachomtosha mtu anayetafuta kuujua mchezo huu? Swali hilo ni la falsafa, na watu wa dini walikwisha kulishughulikia kwa majina mengine karne nyingi kabla ya kompyuta.

Bei zenyewe zinalichokoza. Ryzen 5 5600 iliingia sokoni mwaka 2022 kwa dola 199, ikiwa na viini sita. Ryzen 9 5950X ya mwaka 2020 ilianza kwa dola 799 na viini 16. Threadripper 3990X, ya mwaka huohuo, ilikuwa na viini 64 kwa dola 3,990. Ukigawa, kila kiini cha ile ndogo kiligharimu dola 33, cha pili dola 50, cha tatu zaidi ya dola 62, kabla ya kuhesabu ubao mama wake na feni zake. Kwa umeme, kiwango cha ya kwanza ni wati 65, cha pili 105, na cha tatu 280. Kwa kawaida mtu akinunua kwa wingi hupunguziwa. Hapa kila hatua ya juu hulipiwa ghali kuliko iliyotangulia.

Na kinachopatikana hupungua. Ken Thompson, yule aliyeshiriki kubuni mfumo wa Unix, alikuwa pia mjenzi wa Belle, mashine iliyotwaa ubingwa wa dunia wa kompyuta za chesi mwaka 1980. Aliishindanisha Belle na Belle, nakala moja ikiruhusiwa kutazama hatua moja mbele zaidi ya mwenzake. Kwenye kina kidogo, kila hatua iliyoongezwa ilileta nguvu nyingi sana. Kadiri kina kilivyozidi, faida ya hatua moja zaidi ilishuka. Mashine za leo ziko mbali sana chini ya mteremko huo. Zikipewa kasi maradufu, zinaimarika, lakini sehemu kubwa ya michezo kati yao huishia sare.

Kisha kuna jambo linalopaswa kumfanya kila mnunuzi atulie kidogo. Mwezi Mei 1997, jijini New York, kompyuta ya Deep Blue ya kampuni ya IBM ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa chesi, kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5. Ilikuwa na chipu 480 zilizotengenezwa kwa ajili ya chesi tu, na ilipitia mikao kama milioni 200 kwa sekunde. Mwaka 2009, huko Buenos Aires, programu ya Pocket Fritz 4 iliingia mashindano ya Copa Mercosur ikiendeshwa na simu ya mkononi, ikatoka na pointi 9.5 kati ya 10. Simu hiyo ilipitia mikao isiyofika 20,000 kwa sekunde. Wala uwezo huo haukutokana na chuma: watu walikuwa wamejifunza kuiandikia mashine programu bora.

Ikiwa simu ya mwaka 2009 ilicheza kwa kiwango cha mabingwa wakubwa, anayelipa dola elfu kadhaa leo ananunua nini?

Jibu la haraka ni kwamba ananunua ukweli zaidi. Jibu hilo halina budi kupimwa na namba aliyoiweka wazi Claude Shannon mwaka 1950, katika makala yake ya kuipangia kompyuta kucheza chesi. Alikadiria kwamba michezo inayowezekana inakaribia 1 ikifuatwa na sifuri 120. Wanafizikia hukadiria atomu za ulimwengu unaoonekana kwa 1 yenye sifuri 80 hivi. Hakuna prosesa, ya dola 199 wala ya milioni moja, inayoweza kuimaliza chesi kwa kuipitia yote. Kompyuta ya mtumba na kompyuta ya kifahari zote husimama njiani, zikiwa zimeacha karibu kila kitu bila kukitazama.

Hapo ndipo wazo la kutosheka linapobadilika sura. Tumezoea kuliona kama faraja ya asiye nacho: aliyekosa kikubwa ajifariji kwa kidogo. Hesabu ya Shannon inaonyesha kwamba kila mwenye kufikiri, tajiri au fukara, mtu au mashine, analazimika kuamua mahali pa kukomea, na uamuzi huo ni sehemu ya akili yenyewe.

Aliyeliona hilo mapema kuliko wengi ni Herbert Simon, Mmarekani aliyefundisha miaka mingi Pittsburgh. Mwaka 1956 alipendekeza kwamba viumbe wenye kufanya uchaguzi hawatafuti kilicho bora kuliko vyote, kwa kuwa hawana muda wala taarifa za kukipata. Hutafuta kinachofikia kiwango walichojiwekea, kisha husimama. Kazi yake juu ya namna watu na mashirika yanavyoamua ilimpatia Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978. Simon huyohuyo alikuwa mtu wa chesi. Yeye, Allen Newell na Cliff Shaw waliandika mojawapo ya programu za kwanza za mchezo huo, na mwaka 1957 alitabiri kwamba ndani ya miaka kumi kompyuta ingekuwa bingwa wa dunia. Utabiri ulichelewa kwa miongo mitatu. Wazo lake juu ya kusimama halikuchelewa hata kidogo, maana ndilo lililo ndani ya kila injini ya leo.

Inafaa kulitazama kwa karibu. Katika mkao wa kawaida wa katikati ya mchezo, mchezaji huwa na hatua kama 35 za kuchagua. Kutazama zamu nne mbele, kila hatua ikijibiwa na nyingine, ni mikao 1,500,625. Njia iitwayo alpha-beta, ambayo Donald Knuth na Ronald Moore waliichambua kihesabu mwaka 1975, hutoa jibu lilelile bila kupunguza chochote, na hatua zikipangwa kwa utaratibu ulio bora kabisa, hupitia mikao 2,449 tu. Siri yake ni nyepesi. Ukishaona kwamba hatua fulani inampa mpinzani jibu moja la kukuumiza kuliko mbadala ulio nao mkononi, huna haja ya kujua majibu yake mengine ni yapi. Kuumia kwa jibu moja kunatosha kuiacha hatua hiyo.

Injini za kisasa zimekwenda mbali zaidi, zikiacha pia matawi ambayo hazina hakika kamili kwamba hayafai, kwa kukisia tu. Mara chache hukosea. Mara nyingi muda uliookolewa hulipa kosa hilo na kubakiza ziada. Nguvu ya Stockfish imo katika yale inayokataa kuyatazama, na huo ni ukweli ambao muuza prosesa hana sababu ya kuutaja.

Mwaka 2020 ukaleta ushahidi mwingine. Stockfish 12 ilichukua mbinu iliyobuniwa na Yu Nasu wa Japani mwaka 2018 kwa ajili ya shogi, mchezo wa Kijapani ulio jamaa wa chesi. Ni mtandao mdogo wa neva wenye uwezo wa kwenda kwenye prosesa ya kawaida. Kwa kila sekunde, injini mpya ilipitia mikao michache kuliko ile ya zamani, na ikaizidi nguvu kwa mbali. Miaka mitatu kabla, AlphaZero, programu ya kampuni ya DeepMind, ilikuwa imetazama mikao kama 80,000 kwa sekunde dhidi ya milioni 70 za Stockfish 8, na katika michezo 100 ikashinda 28 na kutoka sare 72 bila kupoteza.

Haki isemwe hapa. AlphaZero haikuwa mfano wa ubanaji matumizi. Ilipojifundisha kwa kucheza na nafsi yake, ilitumia chipu maalumu 5,000 za Google kuzalisha michezo, na hata mezani ilikaa na chipu nne ambazo mchezaji wa mtaani hawezi kuziota. Utazamaji wake mchache ulilipiwa mapema, kwa gharama kubwa ya kujifunza. Mtu anayeipakua Stockfish leo anarithi gharama ya namna hiyo: programu hiyo hujaribiwa kwenye kompyuta za watu wa kujitolea, na kila badiliko dogo hupitishwa kwenye maelfu ya michezo kabla ya kukubaliwa. Nafuu ya mmoja imesimama juu ya jasho la wengi, na ni vema mwenye kompyuta ya mtumba akumbuke hivyo anapofurahia.

Sasa turudi kwenye dini, kwa sababu neno israfu, yaani matumizi yapitayo haja, halikwepeki. Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa hufuata madhehebu ya Shafii, na wanazuoni wa madhehebu hayo kwa jumla waliihesabu sataranji, yaani chesi, kuwa makuruhu, jambo lisilopendeza, badala ya haramu, mradi isiwe na kamari, isimsahaulishe mtu sala, na isimfungue mdomo kwa matusi. Ukiyatazama masharti hayo, yote yanauliza mchezo unamfanya nini mchezaji. Hayaulizi kete ni za pembe au za mti.

Yapo pia mafundisho yanayojulikana sana kuhusu udhu: maji yasitumiwe kupita haja, hata mtu akiwa kando ya mto unaotiririka. Hoja iliyomo ni nzito. Mto haupungui. Hakuna jirani atakayekosa maji kwa sababu ya kiganja kimoja cha ziada. Bado ziada hiyo ni israfu, kwa kuwa israfu hupimwa kwa haja iliyokusudiwa, wala haipimwi kwa uhaba. Kwa kipimo hicho, utajiri haumhalalishii mtu viini 64 visivyo na kazi, na umaskini wa mwingine haumharamishii. Linaloulizwa kwanza ni kusudi.

Na makusudi yapo yanayostahili mashine kubwa. Anayeshiriki kuijaribu Stockfish atavipa viini vyake vyote kazi usiku na mchana. Kocha anayemwandalia bingwa ufunguzi mpya anahitaji majibu ya kina kabla ya raundi ya kesho. Wachezaji wa chesi ya masafa, chini ya shirikisho la ICCF, wanaruhusiwa kutumia injini, na huko kila upande una mashine. Japo hata huko karibu michezo yote ya fainali za ubingwa huishia sare, na mwenye mashine ghali hupata nusu pointi sawa na mwenzake. Kwa mtu wa aina hiyo dola 799 zaweza kuwa ndani ya kiasi.

Anayejifunza ni mwingine. Anatazama mchezo alioupoteza jana, injini inamwambia kwamba hatua yake ya 23 ilikuwa mbaya, inamwonyesha namba na mstari wa hatua kumi na mbili. Mashine ya haraka zaidi itamwonyesha mstari wa hatua kumi na nane. Je, ameelewa zaidi?

Adriaan de Groot, mwanasaikolojia wa Uholanzi, alichapisha mwaka 1946 utafiti wake wa namna wachezaji wanavyofikiri, akiwa amewahoji hata mabingwa wakubwa wa zama zake. Wengi walitarajia kukuta kwamba bingwa huhesabu hatua nyingi mno kuliko mchezaji wa kawaida. Tofauti ya kina ilikuwa ndogo. Bingwa aliuona mkao vizuri tangu mwanzo, akazitazama hatua zinazostahili kutazamwa. Mwaka 1973 William Chase na Simon waliongeza jambo: bingwa akionyeshwa mkao wa mchezo halisi kwa sekunde tano, huukumbuka vizuri ajabu, lakini kete zikitawanywa ovyo ubaoni, ubora wake karibu wote hutoweka. Anachokijua ni maana ya kete zikiwa pamoja, na maana hiyo haiji kwa kuongezewa kasi.

Ziko hata kanzidata za chesi ambamo hesabu imekamilika kabisa. Mwaka 2012, kompyuta kuu ya Lomonosov ya Chuo Kikuu cha Moscow ilimaliza kupitia mikao yote yenye kete saba au pungufu, matokeo yakijaza terabaiti 140. Ndani yake umo mkao ambao ushindi upo, nao unahitaji hatua 549. Hatua hizo ni za kweli, zimethibitishwa, na hakuna binadamu awezaye kueleza nyingi kati yake zinafanya nini. Ukweli umo kwenye diski, ufahamu haumo kwa mtu yeyote. Drafti nayo, ile ya Wamarekani na Waingereza yenye sheria tofauti kidogo na za vijiweni vya Dar es Salaam, ilitatuliwa mwaka 2007 na Jonathan Schaeffer wa Kanada na wenzake: pande zote zikicheza bila kosa, ni sare. Walioufahamu mchezo huo kabla ya 2007 hawakuhitaji jibu hilo ili waufahamu, na wasioufahamu hawakuufahamu kwa sababu limepatikana.

Kasparov mwenyewe alikumbwa na pengo hilo. Katika mchezo wa kwanza wa mwaka 1997, Deep Blue ilicheza hatua ya 44 ambayo haikueleweka, ikisogeza ngome pasipo faida. Kasparov alishinda mchezo huo, lakini yeye na wasaidizi wake waliiona hatua hiyo kuwa dalili ya upeo wa mbali. Miaka 15 baadaye, katika kitabu cha mwandishi Nate Silver, mmoja wa wajenzi wa Deep Blue, Murray Campbell, alieleza kwamba ilitokana na hitilafu ya programu; mashine ilikuwa imechagua hatua bila mpango. Bingwa wa dunia aliipa maana hatua iliyokuwa haina. Mwanafunzi anayekubali kila pendekezo la injini bila kuuliza sababu yuko katika hatari kama hiyo kila jioni.

Linabaki jambo moja la kiufundi ambalo lina uzito wa kimaadili kuliko linavyodhaniwa. Kwa injini, kasi na muda hubadilishana. Kompyuta inayofanya kazi polepole mara nne itafika karibu kina kilekile ikiachiwa muda mara nne. Tena muda una faida kuliko viini, kwa sababu viini vingi vikigawana kazi hupoteza sehemu ya nguvu kwa kurudia yaliyokwisha kufanywa na wenzao, ilhali kiini kimoja kilichopewa muda hakina wa kugongana naye. Kwa hiyo anayelipia prosesa kubwa, kwa sehemu kubwa, analipia kutosubiri. Kutosubiri kuna thamani kwa kocha mwenye raundi kesho asubuhi. Kwa anayejifunza, dakika za kusubiri ndizo dakika pekee anazolazimika kuutazama ubao kwa macho yake mwenyewe, akikisia jibu kabla halijaja.

Kabla ya kutoa fedha, kuna jaribio ambalo kila mwenye kompyuta anaweza kulifanya. Achukue mikao ishirini ya michezo yake mwenyewe, ile iliyomtatiza. Kwa kila mmoja aipe injini sekunde thelathini, aandike hatua inayopendekezwa, kisha aiache iendelee hadi dakika kumi. Hiyo ni sawa na kuikodi kwa muda mashine yenye kasi mara ishirini, bila malipo. Kisha ahesabu ni mara ngapi ushauri umebadilika, na katika hizo, ni mara ngapi anaweza kueleza kwa maneno yake kwa nini hatua ya pili ni bora kuliko ya kwanza. Ikiwa maelezo hayo anayo, na anaona kuchelewa kwa dakika kumi kunamzuia kazi, Ryzen 5 ya viini sita ni ununuzi mzuri, na memori ya kutosha, ambamo injini huhifadhi mikao iliyokwisha kuipitia, iongezwe papo hapo. Ikiwa ushauri haukubadilika, au ulibadilika na yeye hana la kusema, ile i5-4570 ya mtumba inamtosha, na fedha iliyobaki ina kazi ya dharura zaidi: ada ya klabu, nauli ya mashindano, na mtu wa kukaa naye ubaoni akamuulize kwa nini alisogeza farasi.